Yusufu Asiyepanda Cheo: Kuisoma "Peponi" ya Abdulrazak Gurnah kutoka Nyanda za Juu za Buha

Riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise ilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1994, nayo ikaingia katika orodha fupi ya vitabu vilivyowania Tuzo ya Booker mwaka huo. Mwandishi alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akahamia Uingereza katika miaka ya 1960 baada ya Mapinduzi, na mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mwaka 2022 wasomaji wa Kiswahili walipata tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Peponi, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota. Katika makala haya tunakusudia kuihakiki riwaya hiyo kwa swali moja: historia ya visiwa na pwani yetu, jinsi ilivyoundwa na biashara ya watumwa na kisha na ukoloni, inasomekaje kwa msomaji aliye Kitahana, Kibondo au Kasulu, yaani karibu na mwisho wa njia ya msafara?

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Yusufu, mtoto wa miaka kumi na miwili, anatolewa na baba yake kuwa rehani kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni. Amefundishwa kumwita tajiri huyo kwa jina la udugu, na ni kijana mwenzake dukani, Khalil, anayemwambia waziwazi kwamba hakuna udugu hapo. Anakua katika nyumba yenye bustani iliyozungushiwa ukuta, anakwenda na msafara hadi ng'ambo ya ziwa, na mwishoni, vita vya Wazungu vinapokaribia, anaikimbilia safu ya askari wa Kijerumani.

Mchungaji yeyote atamtambua Yusufu wa Mwanzo 37 na 39, na jirani yake Mwislamu atamtambua Yusuf wa Kurani. Uzuri wa kijana upo, ndoto zipo, mke wa tajiri yupo, hata vazi lililoraruliwa lipo. Tafsiri ya Kiswahili imezidisha ukaribu huo, kwa maana neno "peponi" Mkristo analijua kutoka Luka 23:43 na Mwislamu analijua kutoka darasani kwake. Hata hivyo mwandishi amekiacha kisa bila nusu yake ya pili. Hakuna Farao, hakuna ghala la nafaka, hakuna ndugu wanaokuja kusujudu. Yusufu huyu hapandi cheo.

Wapo watakaosema kwamba hapo riwaya imeipinga imani. Sisi hatuoni hivyo. Kwa maoni yetu imetulazimisha kulisoma upya neno tunalolipenda mno mimbarani, Mwanzo 50:20, ambapo Yusufu anawaambia ndugu zake kwamba Mungu aligeuza ubaya wao kuwa wema. Tuangalie ni nani anayesema. Wafanyabiashara waliomnunua hawasemi, wala ndugu waliomuuza. Anayesema ni yeye aliyeuzwa, baada ya kulia, mbele ya watu waliokwisha kukiri kosa lao. Mara ngapi Kanisa limelichukua neno hilo kinywani mwake na kumpa mfanyabiashara? Tumesikia mara nyingi ikisemwa kwamba ukoloni, pamoja na ubaya wake, ulituletea Injili, kana kwamba hesabu imefungwa. Mwenye haki ya kuifunga hesabu hiyo ni yule aliyetolewa rehani, na Gurnah amemwacha bila neno la mwisho.

Jambo la pili ni uhuru. Katika bustani ya tajiri yumo mtumwa mzee, Mzee Hamdani, aliyekataa uhuru alipopewa na bibi yake. Hoja yake ni kwamba bibi hakuwa na kitu hicho hata akitoe. Historia inathibitisha kwamba swali hilo halikuwa la mzaha. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini hali ya utumwa haikuondolewa kisheria huko hadi mwaka 1897, na hata hapo ilimpasa mtumwa mwenyewe kwenda kuuomba uhuru wake, huku fidia ikilipwa kwa bwana. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Bara, Wajerumani hawakuufuta utumwa kabisa. Walitamka tu kwamba watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Utumwa ulifutwa chini ya Waingereza mwaka 1922. Sisi tulioisoma hati ya Luther ya mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo twapaswa kumsikiliza mzee huyu kwa makini. Luther alifundisha kwamba uhuru wa ndani hautoki kwa mfalme wala kwa papa, na hapo Hamdani yu karibu naye. Lakini fundisho hilohilo limewahi kutumiwa kumwambia mtumwa atulie katika minyororo yake. Riwaya haisemi kwamba mzee alifanya vema. Inatuonyesha tu kwamba anaendelea kupalilia bustani isiyo yake.

Baada ya sifa hizi tuna lawama moja, nayo yatuhusu sisi watu wa bara. Msimulizi anatembea na msafara. Watu wa ndani wanaonekana kutoka barabarani: wanaogopwa, wanaitwa washenzi, wanatoza, wanaua. Mwandishi anajua kwamba macho hayo ni ya wafanyabiashara, na amempa mtawala Chatu nafasi ya kujieleza: alikwisha kudanganywa na mfanyabiashara aliyetangulia, ndiyo maana anazikamata mali za Aziz. Lakini maneno ya Chatu yanatufikia kupitia mkalimani, kisha Mzungu anafika na kutoa amri, na msafara unaondoka. Chatu anabaki nyuma, nasi hatumwoni tena.

Sisi tunabaki huko nyuma alikoachwa Chatu. Stanley alipovuka Buha mwaka 1871 akielekea Ujiji, alilalamikia hongo aliyotozwa mara kwa mara, hata akaamua kupita usiku kwa siri. Dunia nzima ilisoma kwamba Waha ni walafi. Kwa watawala wa Buha hongo ilikuwa ushuru wa mwenye nchi kwa mgeni mwenye bunduki. Kisa cha Heru na Muhambwe kama kingesimuliwa na wenyeji kingeanza na swali jingine: hawa wanaopita ni nani, na wamebeba nini?

Tena rehani haikuisha misafara ilipoisha. Mkataba wa mwaka 1890 uliiweka Zanzibar chini ya Uingereza, na bara ikabaki kwa Wajerumani; mwaka 1914 reli ikafika Kigoma. Chini ya Waingereza kodi ilidaiwa kwa fedha, na vijana wa Kasulu na Kibondo wakaandikishwa kwa namba kwenda mashamba ya mkonge, hasa baada ya ofisi ya SILABU kuanzishwa mwaka 1944. Ndipo wakaitwa manamba. Baba mwenye deni, kijana anayepanda gari moshi, bwana asiye ndugu: msomaji wa Buha hahitaji maelezo ya ziada kuhusu Yusufu.

Kwa nini basi wahubiri wasome kitabu hiki? Kwa sababu historia ya utumwa ingali inatumiwa mimbarani kama fimbo. Tunamtukuza Livingstone chini ya mwembe wa Ujiji, tunasahau kwamba alipokuwa mgonjwa na hana kitu alisaidiwa na wafanyabiashara haohao Waislamu ambao biashara yao aliilaani. Tunamwambia jirani yetu wa Ujiji kwamba babu zake waliuza watu, hatusemi kwamba Wajerumani Wakristo waliikuta biashara ya watu na kuuacha utumwa uendelee. Gurnah hamwachi yeyote nje ya lawama, wala baba aliyemtoa mwanawe. Hilo ni karibu zaidi na Sheria, kama Walutheri wanavyoielewa, kuliko hotuba nyingi za kujihesabia haki.

Tunawashauri wanafunzi wa teolojia waisome Peponi sambamba na Mwanzo 37 hadi 50, wasiharakie sura ya 50. Na watakaotumwa kuhudumu Buha wawaulize wazee waliowahi kuwa manamba, au watoto wao, walipewa namba gani na walirudi na nini. Majibu hayo ndiyo yanayokosekana katika riwaya hii, nayo hayatamngoja mwandishi wa pwani.