Mkalimani Barafuni: Uhakiki wa Filamu ya "One Day in the Life of Noah Piugattuk"

Filamu hii ya Zacharias Kunuk, iliyotolewa mwaka 2019, yasimulia siku moja ya mwaka 1961 huko Kapuivik, kaskazini ya kisiwa cha Baffin nchini Kanada. Noah Piugattuk, Muinuit aliyeishi kweli, aondoka kambini na wenzake kwenda kuwinda. Barafuni wakutana na mzungu wanayemwita Bosi, mjumbe wa serikali. Shabaha yake ni kuwashawishi wahamie Igloolik, wakae katika nyumba za serikali na watoto wao waingie shule. Chai yanywewa, maneno yaendelea. Vituko havizidi hapo.

Ni rahisi kuieleza dhamira ya filamu kuwa ni mgongano wa mila na maendeleo. Maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu yamsahau mhusika aliyebeba uzito wote, yaani mkalimani Evaluarjuk. Bosi asema Kiingereza, Noah asema Kiinuktitut, na kila neno lapita kinywani mwa mtu huyu mmoja. Maandishi ya tafsiri chini ya picha yamwezesha mtazamaji kufahamu pande zote mbili, hata aone amri inavyolainishwa ikawa ombi, na kejeli inavyomezwa isimfikie mwenyewe. Aliyesikia habari za wakalimani katika mabaraza ya DC wa kikoloni hatamwona Evaluarjuk kuwa mgeni. Kicheko kinachozuka hapa kina uchungu: watu wanaamuliwa maisha yao katika mazungumzo ambayo hakuna upande unaoyasikia yote.

Kwa upande wa fani, Kunuk ameithubutu subira. Kamera yatulia, na ukimya wa Noah waachwa uwe jibu. Watazamaji wenye pupa watachoka. Hilo si kosa la msanii. Kasoro iko kwa Bosi. Kim Bodnia amcheza kwa ustadi, lakini mtunzi hakumpa undani wowote, na serikali iliyomtuma yabaki kama kivuli. Mtu wa aina hii huogopesha zaidi anapoamini kwa dhati kwamba anatenda wema.

Noah akataa. Lakini Kunuk mwenyewe, aliyezaliwa Kapuivik mwaka 1957, alihamishiwa Igloolik na wazazi wake mwaka 1966 kwa ajili ya shule. Anayeijua habari hiyo hataweza kuusikia ukatavu wa Noah kama ushindi.