Nimeiona Siwa ya Pate!

Nimeiona kwa macho yangu! Leo asubuhi nimesimama mbele yake katika Makumbusho ya Lamu, na hata sasa naandika moyo ukinidunda. Siwa ya Pate, baragumu la pembe za ndovu lililo refu kuliko mtu mzima! Miaka yote nilikuwa naijua kwa picha za vitabuni, na picha, msomaji wangu, hazionyeshi hata robo yake.

Uisogelee. Pembe si nyeupe tena, imeiva ikawa na rangi ya samli. Nakshi zimeizunguka pete kwa pete, kazi ya mkono usio na haraka. Na tundu la kupulizia haliko nchani, liko ubavuni! Nilisimama hapo nikitazama tu pale midomo ya mpulizaji ilipokaa. Siwa ililia kwenye arusi na jando za wakubwa, wala haikutolewa kwa kila aombaye. Masimulizi ya Pate yanamtaja Mwana Darini, aliyenyimwa siwa alipotaka kumfanyia mwanawe sherehe ya tohara. Akatafuta fundi, akachongewa yake! Na chini ya paa hilohilo ipo siwa ya Lamu, ya shaba. Miji hii ilipigana vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19. Leo fahari zao zinatazamwa na mgeni mmoja kwa tiketi moja.

Kisha nikanaswa na mfano wa mtepe. Ubao kwa ubao umeshonwa kwa kamba ya makumbi, hakuna hata msumari, na tanga lake ni mkeka. Chombo cha kushonwa kama mkoba, nacho kilikuwa kikienda baharini!

Usiishie hapo. Ingia vichochoroni hadi Nyumba ya Waswahili, uone zidaka zilivyopangwa ukutani safu juu ya safu. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake uliishia pale boriti ya mkoko ilipoishia. Nyumba nzima imepimwa kwa mti! Posta ya Wajerumani, iliyofunguliwa 1888 ikafungwa 1891, ni ya kupitia kwa dakika chache, ila nayo pitia.

Kwangu mimi, hakuna makumbusho madogo yanayoyafikia haya katika pwani yetu yote. Lakini lipo jambo lililonikaa kooni njia nzima ya kurudi. Muhamadi Kijumwa, mshairi, mwandishi wa hati na mchonga milango wa Lamu aliyefariki 1945, aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi nyingi kwa mkono wake, na leo nyingi ya hati hizo ziko London. Zimehifadhika, alhamdulillahi. Ila ngapi nyingine bado zimo majumbani mwetu, mchwa wakizisoma kabla yetu?

Basi, ukifika Lamu, kabla hujapanda mashua ya kwenda Shela, ingia makumbusho kwanza. Na kama kwenu kuna sanduku la bibi lenye karatasi kuukuu za hati ya Kiarabu, usizichome wala usiwape watoto wachezee. Wapelekee watu wa makumbusho wazitazame, wiki hii hii.