Ukimya wa Soko, Ukimya wa Waya

Wanaouza ishara za biashara ya sarafu za kidijitali huisifia ishara yenyewe: nunua Bitcoin sasa, uza, toka. Mimi nataka kumsifu mtu asiyetajwa kwenye matangazo hayo, yule anayeandika programu ya kuipokea ishara kutoka kwenye API, yaani mlango ambao programu moja huzungumza na nyingine, papo hapo inapotoka na kuifikisha sokoni ikiwa bado ina maana. Ubora wa ishara ni mzigo wa aliyeitoa, na sijaona mtu wa kuuwekea dhamana. Mzigo wa fundi wa muunganisho ni mwingine, na kwangu ndio wenye heshima zaidi: kujua, kila sekunde, kama taarifa aliyonayo bado ni ya kweli.

Zamani kidogo programu iliyotaka bei mpya ilikuwa inauliza, inajibiwa, inaondoka, kisha inarudi kuuliza tena. Itifaki ya WebSocket, iliyochapishwa Desemba 2011 kwa jina la RFC 6455, iliuondoa usumbufu huo. Programu inabisha hodi kwa HTTP ya kawaida, ikiomba mazungumzo yahamie kwenye njia ya kudumu, na inaambatanisha baiti 16 za kubahatisha zilizoandikwa kwa herufi. Seva inaziunga na mfuatano mmoja wa herufi ulioandikwa ndani ya kiwango chenyewe, ule ule dunia nzima, inaupitisha mfuatano wote kwenye hesabu ya SHA-1, kisha inarudisha jibu pamoja na namba 101. Programu nayo inapiga hesabu hiyo upande wake. Majibu yakilingana, basi “karibu” imetoka kwa aliyeisikia hodi yenyewe, wala si kwa mashine ya njiani iliyotoa jibu la akiba. Kuanzia hapo mlango unabaki wazi, na seva inasema bila kuulizwa.

Ugumu unaanza pale seva inaponyamaza. Huenda soko limetulia na hakuna anayenunua wala kuuza. Huenda pia waya umekatika. Ukiwa ndani ya programu, hali hizo mbili hazina tofauti hata chembe. Muunganisho ukifungwa kwa utaratibu, upande mmoja huaga. Ruta ikizimika ghafla, hakuna anayeaga, na kompyuta inaendelea kuamini kwamba bado iko kwenye mazungumzo. Linux, kwa mipangilio yake ya kawaida, husubiri sekunde 7200 ndipo ianze kukagua kama upande wa pili bado upo, na hata ukaguzi huo haufanyiki mpaka programu iwe imeuomba. Saa mbili! Katika soko lisilofungwa usiku wala sikukuu, saa mbili za kuamini bei iliyokwisha kupita zinatosha kummaliza mtu.

Kwetu Afrika Mashariki hili si jambo la vitabuni. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikadorora. Ndiyo maana wengi hukodi seva karibu na soko lenyewe badala ya kuendesha programu kwenye kompyuta ya nyumbani. Ni uamuzi wa busara, ila hauondoi tatizo, unalisogeza tu.

Dawa imo ndani ya itifaki yenyewe: ujumbe mdogo uitwao ping, ambao anayeupokea anatakiwa kuujibu kwa pong. Upo? Nipo. Fundi mzuri anaweka na saa yake pembeni. Muda aliouchagua ukipita bila neno lolote, programu inatangaza kwamba haijui bei, inaacha kutuma oda mpya, na inajaribu kuziondoa zilizokuwa zinasubiri kwa njia nyingine. Hapo ndipo ninapouona ustadi. Kuandika programu inayonunua ni kazi ya jioni moja. Kuandika programu inayokiri kwamba haijui, kwa wakati, bila kusukumwa na mtu, kunadai tabia fulani kwa mwandishi wake.

Tabia hiyo inaonekana wazi zaidi kwenye daftari la oda, orodha ya bei zote ambazo watu wako tayari kununua au kuuza. Soko la Binance halitumi daftari zima kila mara, linatuma mabadiliko. Kila ujumbe una namba mbili: U kubwa, ya badiliko la kwanza lililomo, na u ndogo, ya badiliko la mwisho. Fundi anafungua kwanza mkondo wa mabadiliko na kuyahifadhi bila kuyatumia. Ndipo anaomba picha ya daftari, nayo inakuja na namba yake. Anayepiga picha kwanza na kufungua mkondo baadaye ameshaacha pengo katikati, na hatalijua. Akishapata picha, anatupa kila ujumbe ambao u yake haizidi namba ya picha, kwa kuwa mabadiliko hayo yamo tayari. Ujumbe wa kwanza unaobaki lazima uwe na namba inayoifuata ile ya picha ndani yake. Baada ya hapo, kila U mpya lazima iwe u iliyotangulia ukiongeza moja. Kiasi kikija sifuri, bei hiyo inafutwa. Ikirukwa namba moja tu, daftari lote linatupwa na kazi inaanza upya.

Soko jingine, Kraken, linakwenda mbele hatua moja. Pamoja na mabadiliko linatuma namba ya ukaguzi, CRC32, iliyokokotolewa kutoka bei 10 bora za wauzaji na 10 bora za wanunuzi. Programu inakokotoa ya kwake na kulinganisha. Nawaheshimu waliobuni hilo, kwa sababu wamempa mpokeaji njia ya kugundua kosa lake mwenyewe.

Kurudi baada ya kukatika nako kuna adabu yake. Seva ikianguka, maelfu ya programu hukatika kwa pamoja, na zikirudi sekunde ile ile zinaiangusha tena. Kwa hiyo fundi anasubiri sekunde 1, kisha 2, kisha 4, na kila mara anachanganya na muda kidogo wa kubahatisha. Wazo la kubahatisha lina umri mkubwa kuliko intaneti yenyewe: Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walilitumia mwaka 1971 katika mtandao wa redio wa ALOHA, ili vituo vilivyogongana hewani visigongane tena. Asiye na subira hukutana na namba 429 inayomwambia apunguze. Akizidi kushindilia, Binance humpa 418 na kumfungia, kuanzia dakika 2 hadi siku 3.

Kuna swali moja ambalo ndilo huwatenganisha mafundi. Ishara ya kununua imefika, oda imetumwa, na muunganisho umekatika kabla jibu halijarudi. Oda imeingia au haijaingia? Anayetuma tena kwa papara anaweza kununua mara mbili. Aliyefikiri mapema aliipa oda kitambulisho chake mwenyewe kabla ya kuituma. Akirudi hewani anauliza habari za kitambulisho hicho, kisha anaitazama saa ya ishara, na ikiwa imepitwa na wakati anaiacha, hata kama kila alama bado inasema nunua.

Fundi wa namna hii huipima kazi yake kwa kuiharibu kwa makusudi. Anachomoa waya katikati ya oda. Anarudisha saa ya kompyuta nyuma ili maombi yake yakataliwe kwa kupitwa na wakati. Anaficha ujumbe mmoja kati ya mia na kutazama kama daftari litagundua pengo. Anatuma ishara ile ile mara mbili. Yote hayo anayafanya kwenye soko la majaribio, lisilo na fedha halisi, na kwa ufunguo wa API usioruhusiwa kutoa fedha. Programu ikivuka majaribio hayo, anaiachia kiasi kidogo sokoni, na anaanza kusoma kumbukumbu zake kila asubuhi, mstari kwa mstari, akitafuta mahali ilipodai kujua jambo ambalo haikulijua.