Istilahi za Jinsia katika Huduma ya Afya: Uhakiki Mfupi

Katika miaka ya karibuni wafasiri wa Kiswahili wamekuwa wakiletewa maandishi ya aina ambayo watangulizi wao hawakuyajua: fomu za hospitali, vipeperushi vya ushauri na miongozo ya wauguzi inayowahusu watu ambao jinsia wanayojitambua kuwa nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa, pamoja na wale wasiojihesabu kuwa wanaume wala wanawake. Nyingi ya kazi hizi hutoka katika nchi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini, wanakoishi wasemaji wa Kiswahili waliohamia huko, wakiwamo wakimbizi kutoka Kongo. Nyingine hutoka Kenya. Katika makala haya tunakusudia kuzipima istilahi zinazotumika katika maandishi hayo. Masuala ya sheria na ya dini yana wenyewe, nasi hatutayaingilia. Swali letu ni la lugha: je, mtu aendaye kumtafuta tabibu ataelewa anachoulizwa, na tabibu ataelewa anachojibiwa?

1. Neno moja, kazi mbili

Ugumu wa kwanza umo katika neno *jinsia* lenyewe. Katika fomu za kawaida, palipoandikwa "Jinsia: Me/Ke", neno hilo lina maana ya maumbile. Lakini katika majina ya wizara zetu, na katika jina la Mtandao wa Jinsia Tanzania ulioanzishwa mwaka 1993, lina maana ya nafasi na majukumu ambayo jamii humpa mtu kwa kumwona mwanamume au mwanamke. Mfasiri anayekutana na fomu yenye maswali mawili, moja la maumbile na moja la nafsi, hujikuta ameandika swali lile lile mara mbili.

Wako wataalamu waliopendekeza kwamba *jinsi* libebe maana ya maumbile na *jinsia* libebe ile ya jamii. Pendekezo hili lina mantiki yake, na darasani linafaa. Hata hivyo, *jinsi* lina kazi nyingine ya kila siku, yaani 'namna', na msomaji wa kawaida akiona "Jinsi yako" katika fomu atadhani mpiga chapa amesahau herufi. Tunaona ni heri fomu ziulize kwa maneno kamili: "Jinsia uliyoandikiwa ulipozaliwa" na "Jinsia unayojitambua kuwa nayo". Kitenzi *kuandikiwa* kina faida kubwa. Kinaeleza lililotendeka: mkunga alitazama, karani akaandika. Hakimlaumu mkunga wala hakimkanushi mwenye kuandikiwa.

2. Majina yanayopotosha

(a) *Mtu aliyebadili jinsia.* Hili ndilo linalopendwa na magazeti. Kasoro yake imo katika kiambishi cha wakati: *-li-* inasema kwamba tendo limekwisha. Lakini wengi wa wahusika hawajapasuliwa, wengine hutumia homoni tu, na wengine hawataki tiba yoyote ya mwili. Tena wengi husema kwamba hawakubadili kitu, bali jinsia yao ndiyo hiyo tangu utotoni. Mtu wa namna hii akiulizwa, "Je, umebadili jinsia?" atajibu "La", na kwa jibu hilo la kweli fomu itampeleka asikostahili kwenda.

(b) *Huntha* na *mtu mwenye jinsia mbili.* *Huntha* ni neno la asili ya Kiarabu ambalo wanazuoni wa sheria ya Kiislamu wamelitumia kwa mtu ambaye maumbile yake aliyozaliwa nayo si ya kiume tu wala ya kike tu. Huko Kenya sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,524 wa kundi hilo. Hili ni jambo jingine. Huntha anaweza kujitambua kuwa mwanamke au mwanamume bila shaka yoyote, na tabibu humchunguza kwa sababu nyingine kabisa. Kuchanganya makundi haya mawili ni kuwakosesha wote wawili matibabu yao.

(c) *Hanithi* na *shoga.* La kwanza maana yake ya awali ni mwanamume asiye na nguvu za kiume. La pili, kwa wanawake wa pwani, ni rafiki wa kike. Yote mawili yamegeuka kuwa matusi, na yanapotumiwa hivyo huhusu mtu anayemtamani nani, si mtu anajitambua kuwa nani. Tuchukue mfano wa mkalimani aliyeketi baina ya mgonjwa wa Kikongo na daktari asiyejua Kiswahili. Daktari anauliza kwa adabu. Mkalimani, kwa kukosa neno, anachukua lililo karibu. Daktari hajui kwamba mgonjwa wake ametukanwa mbele yake. Mgonjwa anajua, na hatarudi. Katika daftari itaandikwa kwamba aliacha matibabu kwa hiari yake.

3. Ugonjwa, hali na dhiki

Toleo la kumi la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoidhinishwa mwaka 1990, liliiweka hali hii katika sura ya maradhi ya akili. Toleo la kumi na moja, lililopitishwa na Mkutano wa Afya Duniani mwezi Mei 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, liliitoa humo na kuiweka katika sura ya hali zinazohusu afya ya kujamiiana. Haikufutwa kabisa, na sababu yake ni ya busara: matibabu yanapolipiwa na bima au na serikali, jambo lisilo na jina katika orodha ni shida kulipiwa. Toleo hilo linazungumzia *kutolingana*, kwa dhahiri na kwa kudumu, kati ya jinsia anayoihisi mtu na ile aliyoandikiwa. Tena linaonya kwamba tabia na mapendeleo peke yake hayatoshi kuthibitisha hali hiyo. Kabla ya hapo, mwaka 2013, matabibu wa akili wa Marekani walikuwa wameacha jina lililoiita kasoro na kuchukua lenye maana ya *dhiki*.

Hizi ni dhana mbili, na mtu anaweza kuwa na ya kwanza bila ya pili. Tunapendekeza *hali ya kutolingana kwa jinsia* kwa ile ya kwanza na *dhiki ya jinsia* kwa ile ya pili. Mfasiri anayeandika *ugonjwa wa jinsia* kwa zote mbili hurudisha kwa kalamu yake kile ambacho mataifa yalikiondoa. Isitoshe, humfanya msomaji adhani kwamba linalozungumzwa ni magonjwa ya zinaa.

4. Kiungo na mwenye kiungo

Hapa Kiswahili kina akiba nzuri, ila hatuitumii. Tunayo istilahi *saratani ya mlango wa kizazi*, inayotaja kiungo bila kumtaja mwenye kiungo. Lakini mara nyingi mabango husema "saratani za akina mama". Mwanamume aliyeandikiwa mwanamke alipozaliwa, naye bado ana mlango wa kizazi, anahitaji uchunguzi ule ule. Bango la namna hiyo humwambia kwamba hahusiki. Kinyume chake, mwanamke aliyeandikiwa mwanamume hubaki na *tezi dume* hata baada ya upasuaji wa kawaida wa sehemu za siri. Wapo watakaotaka neno *dume* liondolewe. Sisi hatuoni haja hiyo. Istilahi hiyo imekwisha zoeleka, na kwa tabibu *dume* hapo ni sehemu ya jina la tezi. Linalotakiwa ni kwamba fomu iulize, "Je, una tezi dume?" badala ya kudhania.

5. Adabu ya kuita

Wafasiri wa lugha za Ulaya wanahangaika na viwakilishi vyao. Sisi *yeye* yetu na kiambishi *a-* havibagui, na "mgonjwa amefika" haisemi zaidi ya hivyo. Kwa hiyo kosa likiingia katika tafsiri, tumeliingiza wenyewe kwa kuongeza *mama*, *kaka* au *bwana* ambavyo havikuwamo. Tunalo neno *ndugu*, lililotumika katika ofisi zetu kwa miaka mingi kwa wote bila kuuliza. Lirudishwe. Wala karatasi haikosi nguvu kwa kukosa alama ya jinsia: mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru cheti cha mtihani kitolewe bila alama hiyo, na kwa jina jipya la mwenye cheti.

6. Mapendekezo

Kwa watu hawa kwa jumla, neno *transijenda* limekwisha kusikika. Halina ubaya kwa wataalamu, kama *homoni* lisivyo na ubaya, mradi lifuatwe na maelezo. *Mvukajinsia* linavutia kwa muundo wake, lakini anayevuka huenda ng'ambo, na wako wasiokwenda ng'ambo yoyote. Kwa hao tumeona pahala pameandikwa "asiye mume wala mke", maneno ambayo msomaji atayaelewa kuwa ya mtu asiye na ndoa. Iandikwe *asiyejihesabu mwanamume wala mwanamke*. Ni maneno marefu, lakini hayamdanganyi mtu.

Istilahi fupi zitakuja baadaye, na huenda zikatoka kwa wahusika wenyewe, kama wavuvi walivyotupa majina ya samaki. Kwa sasa tunawasihi wafasiri na wakalimani wamwulize mgonjwa anavyojiita kabla ya kufungua kamusi. Wasomaji wenye maneno bora zaidi, hasa kutoka lahaja za pwani na Kongo, tunawaomba watuletee.