Mzigo Umeingia

Ukitaka kujua ni lini muuza dagaa wa Ujiji atakuwa na mengi ya kuonyesha kwenye simu yake, tazama mwezi. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika huvua dagaa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Mwanga huwavuta dagaa juu, wavu ukawapata. Mbalamwezi ikitanda ziwa lote linang'aa, taa ya mvuvi inapoteza nguvu yake, na vyombo vingi hubaki ufukweni siku kadhaa, nyavu zikishonwa. Giza likirudi, kazi nayo inarudi.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikifuatilia stetasi za mama mmoja anayeuza dagaa, migebuka mikavu na mawese kutoka Ujiji kwenda Dar es Salaam, Dodoma, Morogoro na kwingineko. Jina lake silitaji, maana hakuniomba nimtangaze. Stetasi zake zinakwenda na ziwa. Siku za giza anaposti tangu alfajiri, vipande vifupi vifupi: mtumbwi ukishusha, dagaa wakimwagwa kwenye chanja, kisha maneno mawili ambayo wateja wake wanayangoja, "Mzigo umeingia." Siku za mbalamwezi anatulia. Anajibu maswali, anaonyesha magunia yakishonwa, siku nyingine haposti kabisa. Wafundishaji wa biashara ya mtandaoni husisitiza uposti kila siku saa ile ile, una bidhaa au huna. Yeye akiwa hana mzigo hasemi anao, na wateja wake wameshajifunza kwamba ukimya wake una maana. Zipo kurasa zenye wafuasi maelfu kwa maelfu ambazo siziheshimu hata nusu ya ninavyoziheshimu stetasi zake.

Chombo chake cha kazi ni WhatsApp ya biashara, ile yenye herufi B kwenye nembo, iliyotoka Januari 2018. Inapakuliwa bure na inakaa kwenye simu ya kawaida tu. Wengi huiweka, wakaandika jina la duka, basi. Wanaendelea kuitumia kama walivyotumia ile ya kwanza. Huyu ameingia mpaka vyumba vya ndani.

Tuanze na jambo ambalo wauzaji wengi huliona kero. Orodha moja ya matangazo inabeba watu wasiozidi 256, na tangazo lako linamfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Stetasi nayo ni hivyo hivyo: mtu asiyekusevu haioni. Unaweza kuwa na namba elfu tano ulizookota kwenye makundi, ukatuma mpaka kidole kiume, na usiwe umesema na mtu. Kwa hiyo kazi yote ya kukuza wateja inarudi kwenye swali moja: utamfanyaje mtu wa Dodoma, asiyekujua, aandike jina lako kwenye simu yake kwa mkono wake mwenyewe?

Wengi wanaomba siku ya kwanza. "Nisevu nikusevu," kabla hata mteja hajauliza bei. Mama huyu anasubiri. Tukiwa tumekaa barazani kwake alinionyesha mazungumzo yake na kijana mmoja, jina akiwa amelifunika kwa kidole gumba.

"Shikamoo mama, mzigo nimeupata."

"Marahaba mwanangu. Umeshapika?"

"Bado, ndio nimetoka stendi kuuchukua."

"Pika kwanza, halafu uniambie."

Siku mbili zikapita. Kijana akarudi mwenyewe na picha ya sahani, dagaa wa nazi na ugali, na maneno matamu. Hapo ndipo mama akaandika: "Nashukuru mwanangu. Sasa nisevu Mama Dagaa Ujiji, mzigo ukiingia utaniona." Ombi limekuja mtu akiwa bado ana ladha mdomoni. Nani angekataa? Tena amempa na jina la kusevu, lenye bidhaa na mahali ndani yake, ili mwaka ujao mteja akitafuta "dagaa" au "Ujiji" kwenye simu yake alipate bila kuhangaika.

Upande wa pili wa ufundi ni lebo. Programu inakuja na chache za kuanzia: mteja mpya, oda mpya, malipo yanayosubiriwa, aliyelipa, oda iliyokamilika, kila moja na rangi yake. Hizo anazitumia zinavyotumika, ila ameongeza za kwake. Kuna "wa kula", "wa kuuza", "mawese tu", "hapendi vichwa" kwa wale wanaotaka dagaa waliokwisha kuchambuliwa. Mteja akinunua, kabla mazungumzo hayajapoa, lebo imeshabandikwa. Faida yake inaonekana baadaye. Mawese mapya yakija hawasumbui walaji wa dagaa. Anafungua lebo ya mawese na kuwatumia hao peke yao. Watu wake hawamblock, kwa sababu kila ujumbe wanaoupata ni wa kitu walichowahi kukitaka.

Niliuona uzito wa lebo hizo mwaka 2024, serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano na majirani wa ziwa, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Miezi mitatu bila dagaa wapya, kwa mtu ambaye duka lake lote ni dagaa. Wapo walioendelea kuposti picha za zamani ili wasisahaulike, na wakapokea oda ambazo hawakuweza kuzitimiza. Mama aliingia kwenye katalogi yake na kuwaficha dagaa. Programu inaruhusu kuficha bidhaa bila kuifuta, picha na maelezo yakabaki salama. Mawese yakapanda juu. Kisha akatengeneza lebo mpya, "anasubiri". Kila aliyeuliza alijibiwa kwamba ziwa limefungwa mpaka Agosti 15, na jina lake likawekwa humo.

Ziwa likafunguliwa, simu zikaanza kulia siku hiyo hiyo. Ila mwezi mpevu ulikuwa Agosti 19. Wavuvi walirudi majini wakati mbaya kabisa kwa uvuvi wa taa, na mama alilijua hilo tangu Julai. Aliwaandikia waliosubiri kwamba ziwa limefunguliwa lakini mbalamwezi ni kali, mzigo wa kutosha usitegemewe kabla ya giza, na kwamba atawahudumia kwa jinsi walivyotangulia kuuliza. Tafadhali nitafutie mshauri wa masoko, wa mji wowote, anayeweza kuandika ujumbe kama huo. Unahitaji kuijua programu, kumjua mteja, na kulijua ziwa, vyote kwa pamoja.

Uaminifu wa mali inayosafiri mbali na mwenyewe ni tatizo la zamani sana hapa. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka pwani, na watu wakiitaja hukumbuka mwembe na salamu ya Stanley kwa Livingstone mwaka 1871. Mimi hukumbuka zaidi mizigo. Livingstone alipofika Ujiji Machi 1869, akiwa mgonjwa, alikuta sehemu kubwa ya vitu alivyotumiwa kutoka pwani imeibwa. Aliporudi Oktoba 1871 akakuta mizigo mingine imeshauzwa na yule yule aliyekabidhiwa. Leo mteja wa Dar es Salaam yuko zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka ziwani, anaombwa atume pesa "na ya kutolea" kwa mtu ambaye hajamwona, na kichwani ana hadithi kadhaa za kutapeliwa. Ana pia hofu nyingine: kuuziwa dagaa wa Ziwa Victoria kwa jina na bei ya dagaa wa Kigoma, yaani hawa wa Ziwa Tanganyika. Ni samaki wa ukoo mwingine kabisa. Wa Tanganyika ni wa jamii ya sadini, ndugu zao wako baharini. Wakishakauka na kufungwa kwenye mfuko, asiyezoea hawezi kuwatofautisha kwa picha.

Ndiyo maana video zake zinanivutia kuliko kitu kingine chochote anachofanya. Kuna moja ambayo huirudia kwa kila mzigo mpya, na naweza kuitazama mara nyingi bila kuchoka. Anachukua bakuli jeupe la plastiki. Lazima liwe jeupe. Anachota dagaa kutoka gunia lile lile litakalosafirishwa, na mdomo wa gunia unaonekana kwenye video. Anamimina maji ya moto, anakoroga taratibu kwa vidole vitatu, anawatoa dagaa wote kwa mkono. Kisha anainamisha bakuli mbele ya kamera ili maji yakusanyike pembeni, na simu inasogea mpaka chini ya bakuli. Mchanga kama upo, utauona. Hasemi neno. Hakuna muziki, hakuna maandishi yanayoruka. Unasikia maji, na nyuma yake watoto wakicheza uani.

Anayenunua dagaa anajua video hiyo inajibu nini. Dagaa walioanikwa chini huwa na mchanga. Walioanikwa kwenye chanja huwa safi. Angeweza kuandika "dagaa wasafi, hawana mchanga" kama wanavyoandika wote. Ameamua mteja ajionee. Siku moja ya masika, mvua zikiwa zimechelewesha ukaushaji, niliona bakuli lile likiwa na chembe chembe chini. Aliposti hivyo hivyo, na chini yake akaandika bei iliyopunguzwa. Bei yake huwa wazi kila mara. Ule mtindo wa "bei njoo inbox" hauna nafasi kwake.

TikTok na Instagram anazitumia kama milango tu ya kuwaleta watu WhatsApp, na hata milango hiyo ameitengeneza kwa uangalifu. Kiungo cha wa.me kinataka namba ianze na 255, sifuri ya mbele ikiondolewa. Wauzaji wengi huiacha sifuri ile, kiungo kinagoma, na hawajui kwa nini watu wanapenda video lakini hawapigi hodi. Chake kinafungua mazungumzo yenye salamu iliyokwisha kuandikwa, na kila mlango una salamu yake. Wa TikTok anaingia na "Habari mama, nimeona video," wa Instagram anaingia na maneno mengine, na walioona karatasi iliyobandikwa kwenye mfuko wa mzigo wana yao. Kwa salamu hizo anajua kila mteja ametokea wapi bila kumuuliza. Wengi, ameniambia, hutokea kwenye mfuko: jirani ameonja, akaomba namba.

Majibu ya haraka anayo machache. Ukiandika mkwaju (/) na neno fupi, maelezo marefu ya nauli ya mzigo au namna ya kulipa yanajitokeza yenyewe. Salamu hajawahi kuiweka humo. Shikamoo ya mteja inaitikiwa kwa kidole, kila mara, na mkubwa wake anaamkiwa yeye kwanza. Hili naliona dogo kwa kulitazama na kubwa kwa kulitenda, hasa saa kumi na moja alfajiri, oda zikiwa zimejaa.

Njia za mkato zipo na amezikataa. Vijana walimletea zile WhatsApp zisizo rasmi zinazotuma ujumbe kwa maelfu kwa mpigo. Namba za wanaozitumia hufungiwa, na kwake namba ikifungiwa duka limekufa. Walimletea wauza wafuasi. Aliuliza wafuasi hao wanakaa mji gani na mzigo wao utapitia basi lipi, nao hawakuwa na jibu.

Sasa anamfundisha binti wa kaka yake. Nilipowatembelea mara ya mwisho binti alikuwa hajaruhusiwa kushika bakuli wala kuposti chochote. Alikuwa amepewa simu na daftari, anapitia oda za zamani moja moja na kuhakikisha kila jina lina lebo yake.

"Shangazi, huyu wa Morogoro mbona ana mbili?"

"Ananunua wa kula na wa kuuza. Soma ujumbe wake wa mwisho ndiyo umjibu. Akisema 'nyumbani' mpe bei ya kilo. Akisema 'mzigo' mpe ya gunia."

Binti akarudi juu kwenye mazungumzo, akasoma, akaandika kitu daftarini, akaenda kwa jina lililofuata.