Kumwachia Jirani Paka: Ufunguo, Vifuko na Kikasha cha Mchanga

Paka mnene akikaa siku chache bila kula, mwili wake huanza kuyeyusha mafuta na kuyapeleka kwenye ini, na ini la paka haliwezi kuyachakata kwa kasi hiyo. Linajaa, linashindwa kazi, na mnyama aliyekuwa mzima juzi anakuwa mahututi. Dume ana hatari nyingine juu ya hiyo: mrija wake wa mkojo ni mwembamba, na ukiziba anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Mambo haya mawili ndiyo yaliyoamua mpango wetu wote tulipofunga nyumba Tabata, Dar es Salaam, mwezi Desemba kwenda Moshi, tukamwacha dume wetu, aliyehasiwa na mwenye kitambi, mikononi mwa binti wa jirani. Bakuli lililojaa chakula halioni ini wala mkojo. Kazi tuliyompa binti yule ilikuwa kwanza ya kukagua, kulisha kukafuata.

Kwa nini hakusafiri nasi, au kupelekwa kwa ndugu Mbagala? Paka ameshikamana na mahali. Anaposugua mashavu kwenye miguu ya viti na kona za milango anaacha harufu yake, na harufu hiyo ndiyo inayomtuliza. Ukimhamisha ghafla, mara nyingi atajificha na kugoma kula, au atatoroka akitafuta njia ya kurudi. Isitoshe, msongo wa kuhamishwa unaweza kuamsha uvimbe wa kibofu, na kwa dume uvimbe huo ni mlango wa kuziba mkojo. Safari ya zaidi ya kilomita 500 ndani ya basi la sikukuu, akiwa kwenye boksi, ingeyajumlisha yote hayo kwa siku moja.

Mlinzi wa mtaa alijitolea kumtupia dagaa dirishani kila jioni. Ni mtu mwema, na familia nyingi huishia hapo. Lakini anayelisha kutoka dirishani hajui kama dagaa kaliwa na paka huyu au kabebwa na sisimizi, na kikasha cha mchanga hakioni kabisa.

Waislamu wengi wa pwani wanaijua hadithi iliyomo katika Sahihi al-Bukhari na Sahihi Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Nikiifikiria kwa jicho la mtu anayepanga malezi, naona hesabu imekamilika humo. Paka ana njia mbili za kula, mkono wa mtu na mawindo yake mwenyewe. Ukifunga mlango umemnyang'anya ya pili, na kila alichokuwa akijifanyia, kutafuta maji, kuchagua kivuli, kupata pahali safi pa kujisaidia, kimekuwa deni lako.

Chakula kilipimwa kabla ya safari. Kila mlo wa chakula kikavu ulitiwa kwenye kifuko chake, kikaandikwa tarehe na neno asubuhi au jioni. Vifuko hivyo vilifanya kazi ya daftari: kifuko cha jana jioni kikionekana bado kipo mezani, mlo umerukwa, na hakuna haja ya kuulizana. Samaki wa kuchemsha, asiye na chumvi wala miiba, aligandishwa vipande vya mlo mmoja mmoja. Hapo ndipo Luku, umeme wa kulipia kabla, ilipoingia kwenye mpango. Tokeni unaweza kuinunua kwa simu ukiwa Moshi, lakini namba zake lazima mtu aziingize kwenye mita, la sivyo barafu ya friza inayeyuka na samaki wote wanaoza. Kwa hiyo binti alionyeshwa mita kabla hajaonyeshwa bakuli.

Kwa joto la Dar es Salaam la Desemba, samaki hawezi kuachwa wazi kutwa. Alitolewa binti alipoingia, na bakuli likaoshwa kabla hajaondoka. Kilichobaki nyuma ni chakula kikavu, bakuli lake likiwa limesimama katikati ya sinia la maji ili sisimizi wasivuke. Chakula kikavu kina maji takriban asilimia 10 tu, kwa hiyo maji ya kunywa yaliwekwa kwenye mabakuli mawili mazito ya udongo, vyumba tofauti. Milango ya ndani ilizuiwa kwa mawe. Upepo wa mchana ukibamiza mlango, paka anaweza kufungiwa chumba kisicho na tone la maji hadi kesho yake.

Kikasha cha mchanga ndicho kilichobeba mpango. Tuliacha maranda ya mbao kwa sababu yanafyonza mkojo bila kuacha alama ya wazi, tukatumia mchanga laini uliochekechwa na kuanikwa juani. Juu yake doa la mkojo linaonekana na linahesabika. Kila asubuhi na jioni binti alituma picha tatu kwa WhatsApp: bakuli, kikasha kabla hajakisafisha, na paka mwenyewe. Picha ya paka peke yake ingetupendeza tu. Ya kikasha ndiyo niliyoifungua kwanza. Dume anayeingia kikashani mara kwa mara, akachuchumaa, akalia na kujilamba sehemu za siri huku mchanga ukibaki mkavu, watu hudhani amefunga choo, wakasubiri kesho. Huyo hasubiriwi. Boksi lenye matundu lilikuwa mlangoni, namba ya daktari wa mifugo ukutani, na fedha za matibabu zilikuwa tayari kwenye simu ya mama yake binti, pamoja na ruhusa ya kuzitumia bila kutuuliza, maana huko milimani simu inaweza kukosa mtandao saa ileile inayohitajika.

Makatazo yalikuwa machache. Panadol hapana, hata robo. Mtu mwenye huruma akimwona paka analia anaweza kumpa kama anavyompa mtoto, lakini mwili wa paka hauwezi kuivunja ipasavyo parasetamoli iliyomo. Damu yake inashindwa kubeba oksijeni, na kidonge kimoja kinaweza kumuua. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini hapana vilevile. Na paka akimng'ata au kumparura binti, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali, hata kama paka amechanjwa kichaa cha mbwa.

Binti huyu tulimchagua kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa, nyumba yao iko ukuta kwa ukuta na yetu, na mama yake alikubali kuushika ufunguo na kuingia naye jioni. Kabla ya safari alikuja kulisha sisi tukiwapo, ili paka aiunganishe harufu yake na chakula. Alionyeshwa pia maficho yote: nyuma ya friji, chini ya kitanda, ndani ya kabati la mashuka. Malipo yalihesabiwa kwa kila mara aliyoingia, nusu kabla na nusu baadaye. Ni kazi, na mtoto wa jirani anastahili kulipwa kama mtu mwingine yeyote.

Mpango ulijaribiwa na fataki za mkesha wa Mwaka Mpya. Asubuhi yake ujumbe ulifika mapema: "Shikamoo mama. Hajala cha usiku, yuko chini ya kitanda, mchanga una madoa mawili." Madoa yale mawili yalinipa utulivu: mkojo unapita, kwa hiyo tulichonacho ni hofu. Nikamwambia apashe samaki kidogo ili harufu ipande, amsogezee bakuli palepale chini ya kitanda, akae kimya sebuleni. Hakula asubuhi ile. Jioni alikula nusu, kesho yake akamaliza. Angegoma siku ya pili, angepelekwa kwa daktari.

Mpango huu unamfaa paka mzima. Mwenye kisukari anayechomwa insulini kila baada ya saa 12, au mzee mwenye figo mbovu, hawezi kuachiwa mtu wa kuingia na kutoka. Huyo anahitaji mtu mzima aliyefundishwa kuchoma sindano na atakayelala humohumo, au alazwe kwa daktari wa mifugo, na nafasi hiyo itafutwe kabla ya kukata tiketi za basi.