Swali Kabla ya Spana

Pikipiki inayowaka vizuri ikiwa nyutro lakini ikagoma ikiwa kwenye gia si mbovu kwa kiasi anachodhani mwenyewe. Imeshajitetea nusu ya kesi. Betri ina nguvu ya kuzungusha stata, rilei inashika, kitufe kinapitisha umeme, mafuta yanafika kwenye kabureta na plagi inatoa cheche. La sivyo isingewaka kabisa. Wanaobaki kushukiwa ni wachache: swichi ndogo iliyojificha kwenye mkono wa klachi, waya unaotoka pale, swichi ya stendi ya pembeni kwa pikipiki zilizo nayo, na klachi yenyewe. Fundi anayeyaona haya kabla hajainama kuchukua spana ameshamaliza sehemu kubwa ya kazi. Nami nadai kwamba sehemu hiyo, ambayo haichafui mikono wala haionekani na mteja aliyekaa kwenye benchi, ndiyo ufundi wenyewe. Kufungua nati kijana hujifunza kwa siku chache. Kujua nati ipi isiguswe huchukua miaka.

Atatokea wa kuuliza: kuhangaika kote huku kwa nini? Si aweke nyutro, awashe, aende zake? Kwenye lami kati ya katikati ya jiji la Dodoma na Mji wa Serikali Mtumba, swali hilo lina nguvu. Lakini uwanda wa kati si lami tu. Dereva anayebeba magunia kutoka vijiji vya Bahi au Kongwa huvuka makorongo ya mchanga, na pikipiki ikizimika katikati ya korongo, gurudumu la nyuma limezama na mzigo umeelemea upande mmoja, kutafuta nyutro kwa ncha ya kiatu ni mateso. Kwenye mwinuko ni hatari pia, maana gia ndiyo inayoizuia pikipiki isirudi nyuma. Aliyezoea kubana klachi na kubonyeza kitufe hapohapo alipo hupungukiwa na kitu halisi uwezo huo unapopotea. Tena dalili hii huweza kuwa onyo: klachi isiyoachia sawasawa leo inasumbua kwenye kuwasha tu, kesho itakwaruza gia na kuzila.

Tuangalie basi ushahidi wenyewe, kwa kuwa hapa ndipo utamu ulipo. Katika mpangilio uliozoeleka, umeme unaoamsha rilei ya stata hupewa njia mbili za kukamilisha mzunguko wake. Ya kwanza hupitia swichi ya nyutro, ileile inayowasha taa ya kijani kwenye dashibodi. Ya pili hupitia swichi ya klachi, na kwa baadhi ya pikipiki hupitia pia swichi ya stendi. Waliobuni hivi walimfikiria mtu mwenye haraka anayebonyeza kitufe huku gia imo na klachi imeachiwa, kisha chombo kikaruka na kumbamiza ukutani. Kwa hiyo pikipiki inayowaka nyutro peke yake inatuambia njia ya kwanza ni nzima na ya pili imekatika mahali. Ila si kila pikipiki ilipewa njia ya pili. Zipo zilizotengenezwa ziwake zikiwa nyutro tu, na mtu aliyenunua chombo cha mkononi anaweza kukishtaki kwa kosa ambalo hakijawahi kulitenda. Ndiyo maana kifaa cha kwanza cha fundi mzuri ni swali: zamani ilikuwa inawaka hivyo?

Baada ya swali huja kusikiliza. Gia imo, klachi imebanwa, kitufe kinabonyezwa. Kukiwa kimya kabisa, njia ya pili ndiyo mtuhumiwa. Stata ikizunguka kwa uzito na pikipiki ikajivuta mbele, swichi haina hatia. Klachi haiachii, ama kwa kebo yake iliyolegea, ama kwa pleti zake zilizonatana. Hili la pleti hujitokeza zaidi asubuhi za Juni na Julai, kwa sababu Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na baridi ya alfajiri huifanya oili kuwa nzito; ukibana klachi ukaisukuma pikipiki mbele na nyuma mara kadhaa gia ikiwemo, mara nyingi pleti huachana zenyewe bila senti moja kutumika. Stata ikizunguka kwa wepesi lakini injini isishike, jicho liende kwenye stendi, ambayo kwa baadhi ya pikipiki hukata cheche na si stata. Kiki nayo ni shahidi. Ikiwa kwa kiki, klachi imebanwa na gia imo, injini inawaka, basi tatizo liko upande wa kitufe. Lakini shahidi huyu hahojiwi bila tahadhari, kwa kuwa kuna injini ambazo kiki yake hupitia kwenye giaboksi, kama pikipiki nyingi za zamani za Kiingereza, na hizo hazikubali kiki nje ya nyutro hata zikiwa mpya dukani. Hata kusukuma kuna la kusema: pikipiki inayoshika kwa kusukumwa ikiwa gia ya pili imethibitisha kwamba cheche haikatwi na gia.

Pingamizi zito zaidi linatoka kijiweni. Dereva wa bodaboda anadaiwa hesabu ya siku na mwenye chombo, na kila dakika aliyosimama gereji ni abiria aliyepotea. Swichi ni spea ndogo. Ibadilishwe, ikishindikana ibadilishwe rilei, ikishindikana waya ziungwe moja kwa moja, maisha yaendelee. Siwezi kuipuuza hesabu ya mtu anayekula kwa alichopata leo. Lakini ipigwe yote. Kubadilisha kwa kubahatisha ni haraka pale tu bahati inapokuja mara ya kwanza. Isipokuja, dereva amelipia rilei nzima kwa nzima. Na mara nyingi swichi haijafa, imeziba tu. Vumbi la kiangazi kirefu cha huku huingia kwenye pini yake ndogo, kisha mashine ya presha ya kuoshea huligeuza tope, na dawa yake ni kusafisha. Au waya umekatikia ndani ya ganda lake pale kwenye shingo ya usukani unapopinda kila siku, jambo linalogunduliwa kwa kuzungusha usukani kushoto na kulia huku kitufe kimebonyezwa. Swichi mpya haiponyi waya uliokatika. Kuhusu kuunga moja kwa moja, fundi bora naye huunganisha waya mbili za swichi ya klachi kwa kipande kifupi, ila kwake hilo ni swali: ikiwaka, swichi ndiyo mwenye kosa, isipowaka, aendelee kufuata waya. Akishajibiwa hukitoa. Mlipuaji hukiacha humo, akafunga plasta juu, na siku mtoto akicheza na kitufe cha pikipiki iliyoegeshwa na gia, ule mruko ambao wabunifu waliuogopa unatokea.

Wengine husema mafundi wa chini ya mti hawafikiri hivi, wanakariri tu, na kwamba pikipiki zijazo zitajieleza zenyewe kwa kompyuta. La kwanza lina ukweli kwa baadhi yao, na hata waliopitia darasani wamo wanaobahatisha. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima na kuwapa vyeti watu waliojifunzia kazini. Hapo ningependa mtahiniwa apewe pikipiki yenye kasoro moja iliyofichwa, na ahesabiwe alama kwa kila kitu ambacho hakukifungua. Kuhusu kompyuta, itasema mzunguko wa swichi ya klachi una hitilafu. Haitasema kama ni tope, ni waya shingoni, au ni mkono wa klachi uliopinda pikipiki ilipoanguka kiasi kwamba haugusi swichi tena.

Linalobaki ni malipo, na hapa lawama ni yetu wateja. Mwenye gari hulipa bila kunung'unika gari lake lichomekwe mashine ya kupimia, hata kabla ya kitu chochote kutengenezwa. Mwenye pikipiki akimwona fundi ameuliza maswali mawili, amesukuma chombo mbele na nyuma, amepuliza swichi na kurudisha mkono wa klachi mahali pake, hutoa nusu ya bei kwa sababu hakuna spea iliyonunuliwa. Fundi naye hujifunza haraka: kesho yake atanunua swichi hata isipohitajika, ili apate cha kuonyesha. Gereji ya pikipiki yenye kibao kinachotaja bei ya kupima kando ya bei ya kufunga ingemwondolea sababu hiyo.